Intaneti inayokatika baada ya magharibi: barua kwa swahibu yangu wa Unguja

Tanga, 9 Novemba 2025

Swahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, na baada ya kukutakia afya wewe, shemeji na watoto, naijibu barua yako kuhusu intaneti ya nyumbani kwako, ambayo kwa wiki tatu sasa hukatika kila siku baada ya magharibi na kumwacha binti yako akilia na masomo yake ya usiku. Umeniandikia kwamba umechoka kuipigia simu huduma kwa wateja na kwamba mwisho wa mwezi unakusudia kuihama kampuni. Nakuomba sana usiihame bado. Nimezitazama mara nyingi zile picha mbili za kioo cha simu yako ulizonitumia, na ninaamini kwamba tatizo limo ndani ya nyumba, tena linatengenezeka bila kununua kitu.

Katika picha ya mchana, wakati mambo yote yanakwenda vizuri, simu yako imepewa anwani ya 192.168.1.23. Katika picha ya saa moja na nusu usiku, wakati alama ya waifai imejaa lakini hakuna ukurasa unaofunguka, anwani ni 192.168.8.104. Tazama fungu la tatu la namba hizo: mchana ni 1, usiku ni 8. Simu haijichagulii anwani. Kila inapojiunga na mtandao wa nyumba huomba, na kifaa kilichopewa kazi ya kugawa anwani huipa namba pamoja na kuielekeza mlango wa kutokea kwenda nje. Ruta ya kampuni yako hugawa namba zinazoanza na 192.168.1, kama picha ya mchana inavyoshuhudia. Basi ile ya usiku imetoka kwa nani?

Jibu uliliandika mwenyewe karibu na mwisho wa barua, kwa kulipitia tu, uliposema kwamba kijana wako aliichukua ruta ya zamani, ile mliyokuwa mkiitumia kwa laini ya simu kabla ya kuletewa faiba, akaivutia waya kutoka ruta ya chini hadi chumbani kwake ghorofani, akaipa jina na nywila zilezile za waifai. Simlaumu hata kidogo. Nyumba yako ya Mji Mkongwe ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na mawimbi ya waifai, hasa yale ya gigahezi 5, hufifia mno yakikutana na ukuta wa namna hiyo. Hata yale ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya zaidi, hayafiki mbali baada ya kuta mbili. Kuvuta waya ndiyo dawa yenyewe. Kilichosahaulika ni kuiambia ile ruta ya zamani kwamba sasa ni msaidizi. Ruta nyingi za laini ya simu hutoka kiwandani zikiwa na anwani ya 192.168.8.1 na kazi ya kugawa anwani ikiwa imewashwa, kwa hiyo hiyo ya ghorofani inaendelea kugawa namba zake na kuwaelekeza watu kwenye laini ya simu ambayo leo haina bando wala salio.

Ukilielewa hilo, mengine yote uliyonieleza yanaeleweka. Intaneti hukatika jioni kwa sababu kijana huiwasha ruta yake akirudi kutoka chuoni na kuizima asubuhi akiondoka. Simu ya shemeji hufanya kazi wakati yako imekwama kwa sababu kila simu huchukua anwani kwa mgawaji aliyewahi kuijibu, na wagawaji ni wawili. Kuzima na kuwasha ruta ya chini, kama mnavyoshauriwa kila mnapopiga simu, husaidia wakati mwingine kwa kuwa simu hulazimika kuomba upya, na huenda safari hiyo zikajibiwa na mgawaji wa haki, hadi muda uliowekwa wa kuitumia anwani uishe au mtu atoke nje na kurudi.

Kabla ya kubadilisha chochote, fanya jaribio moja: mwombe kijana asiiwashe ruta yake usiku mmoja mzima. Usiku huohuo chukua kompyuta ya Windows, iunganishe na ruta ya chini kwa waya, fungua dirisha la amri (Command Prompt), kisha uandike ping -t 192.168.1.1 katika dirisha moja na ping -t 8.8.8.8 katika dirisha la pili. La kwanza linaiuliza ruta yako, la pili linauliza nje kabisa ya nyumba, kwenye kompyuta za Google. Yote mawili yakijibu bila kukatika hadi mnapolala, tumempata mkosaji. La pili likinyamaza huku la kwanza linajibu, basi nimekosea, na kasoro iko kwenye faiba au kwa kampuni. Andika saa na dakika, kwa sababu fundi aliyeletewa nyakati zilizoandikwa hafanyi kazi kwa kubahatisha.

Likithibitika, matengenezo ni haya. Kwanza ingia katika mipangilio ya ruta ya chini, uiagize ianze kugawa anwani kuanzia 192.168.1.10, ili namba za mwanzo zibaki huru. Kisha ing'oe ruta ya zamani kwenye waya wa nyumba, itoe laini ya simu, iunganishe na kompyuta peke yake, na uufungue ukurasa wake wa 192.168.8.1. Humo ibadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2 na uzime kazi ya kugawa, ambayo huandikwa DHCP. Fanya yote mawili kabla ya kuhifadhi, maana ukihifadhi moja tu unaweza kufungiwa nje ya ukurasa ule. Ukishamaliza, rudisha waya wa nyumba kwenye tundu lililoandikwa LAN, yaani la vifaa vya ndani, si lile la WAN, la intaneti itokayo nje. Kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, ruta ya chini iweke chaneli ya 1 na ya juu chaneli ya 6 au 11, zisiingiliane.

Nimekuandikia kwa urefu huu kwa sababu mimi mwenyewe mwaka jana nilinunua ruta mpya bure na kuwasema vibaya mafundi wa watu. Kwangu taa nyekundu iliyoandikwa LOS ilikuwa ikimweka kila jioni, dalili kwamba mwanga wa faiba haufiki, na hatimaye nikaona kwamba waya wa faiba ulipita nyuma ya kabati la televisheni na kubanwa kila droo ilipofungwa. Ule ni uzi wa kioo; ukikunjwa sana mwanga huvuja. Usiukunje kuliko duara la mdomo wa kikombe cha chai. Lakini wewe umenihakikishia kwamba kwako taa hiyo haijawaka hata siku moja, na kwamba taa nyingine hazizimiki zote kwa pamoja, jambo ambalo lingenifanya niishuku adapta ya umeme.

Wala hili si kama lile la tarehe 12 Mei 2024, zilipokatika nyaya za baharini zinazoleta intaneti, za EASSy na Seacom, upande wa Afrika Kusini na sote huku tukazima na kuwasha ruta bila faida. Siku ile jirani zako walikuwa katika hali ileile. Safari hii umesema jirani wa mlango wa pili anaangalia mpira usiku kucha bila kukwama.

Ijumaa baada ya swala nitakuwa nyumbani na simu mkononi. Ukifika kwenye ukurasa wa mipangilio nipigie, tuupitie pamoja mstari kwa mstari, na kijana awepo, kwa kuwa waya aliuvuta yeye na anajua unapita wapi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Swahibu yako wa Tanga