Mama, kumbe chuo chako hakitajwi?

Shikamoo yako ya jana nimeiona, marahaba mama. Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia, nina mama mmoja tu wa uzao wa kwanza, njia imefunguka sentimita 5, kwahiyo nina nafasi kidogo ya kuongea na wewe bila kukatizwa.

Baba yako mdogo kanisimulia ya kule msibani Makambako. Eti mlikaa na wale shangazi wakakuuliza unasoma wapi, we ukajibu "nipo Dar, mambo ya afya", mmoja akadakia aah, Muhimbili hiyo, na wewe ukanyamaza ukaendelea kumenya viazi. Sijakasirika, ila limenikaa. Muhimbili uliomba ukakosa, una PCB yako (fizikia, kemia na baiolojia) ya kawaida na pale wanagombania watoto wenye A, tulilia siku moja likaisha. Sasa hicho chuo binafsi ulichopata, kwanini unaishi nacho kama mtu aliyejificha kwa jirani?

Nikuambie kitu. Mwaka 1997 chuo cha Kairuki pale Mikocheni kinaanza mimi nilikuwa ndo kwanza nina cheti changu cha uuguzi, na nakumbuka tulivokuwa tunasema kwenye chai, daktari wa kulipia huyo atamtibu nani. Chuo binafsi! Tulikuwa hatujazoea kabisa. Yule profesa Kairuki mwenyewe alikuwa daktari wa akina mama, alianza na hospitali 1987 ndo miaka 10 baadae akaweka chuo, na 1999 akafariki, hakukaona hata kakiwa kakubwa. Leo hapa kwetu tunae daktari kasoma palepale, na usiku ukiharibika namuomba Mungu zamu iwe yake. Sijawahi kumsikia mgonjwa anamuuliza cheti kakitoa wapi, wanamuuliza tu dokta ntapona?

Najua kinachokuuma zaidi ni hela, usinifiche. Bodi wamekupa mkopo lakini haufikii ada ya chuo chenu, ile tofauti ndo inakula ile mipaini ya Lupembe niliyopanda ukiwa darasa la pili. Na siku ile mlivozuiwa mlangoni kwenye mtihani kisa laki 3 na nusu haijaingia, wakati mimi risiti nilishaituma tangu asubuhi, mhasibu anasema kwenye mfumo haionekani, nilitukana peke yangu jikoni mpaka paka akatoka. Kwa hilo wamekosea na nitasema hata mbele yao. Ila usichanganye, mhasibu ni mhasibu, na chuo ni wale wanaokufundisha.

Maana nyie mpo arobaini na kitu tu darasani. Ulivoumwa malaria siku mbili ni mwalimu wenu aliyenipigia mimi huku Njombe kuuliza binti yuko wapi, mwenzio aliyeko darasa la watu mia tatu nani angejua kama hayupo? Huyo mwalimu mgande kama gundi, muulize mpaka achoke.

Shida ya kweli ya chuo chenu ni moja, hamna hospitali kubwa yenu. Mnapelekwa hizi za serikali mnakutana na vyuo vingine vitatu, kitanda kimoja kimezungukwa na makoti meupe kumi na tano na mama wa watu anaona aibu hata kujigeuza. Hapo hujifunzi kitu, utajaza logbuku, kile kitabu cha kazi ulizofanya wodini, kwa kuchungulia mabegani. Mwanangu nenda usiku. Usiku wenzio wamelala hosteli, muuguzi wa zamu yuko peke yake na kachoka, mwambie shikamoo mama naomba nikusaidie, shika ndoo, badilisha shuka, pima presha za wodi nzima, ikifika saa tisa mama anasukuma atakwambia njoo uweke mkono wako hapa. Ndo nilivofundishwa mimi. Mtoto akishatoka na umeshapapasa tumbo hakuna pacha, sindano ya oksitosini, ile ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 ndani ya dakika moja, kisha usikimbilie kumshangaa mtoto, angalia chini. Bibi mmoja mkunga alinifunza kuhesabu khanga, alisema damu kwenye beseni inadanganya macho ila khanga ikilowa pindo mpaka pindo ujue umeshachelewa kuita mtu. Mpaka leo nahesabu, na sijaliona hilo kwenye kitabu chochote nilichopewa.

Haya sasa sapu. Najua una sapu, mtihani wa kurudia, ya famakolojia, lile somo la dawa, usiulize nimejuaje. Sapu siyo kudisko, yaani kuondolewa chuo, ukiificha ndo inakuwa kudisko. Na najua kilichokuangusha ni hesabu, toka Form Two hesabu unazikimbia. Angalia hii, lita 1 ya dripu iishe kwa saa 8, seti, yaani mrija wa dripu, ni ile ya matone 20 kwa mili moja. Mili 1000 zidisha 20 unapata matone 20,000, saa 8 ni dakika 480, gawanya, ni 41 na pointi, tunasema 42 kwa dakika. Alafu unasimama na saa yako ya mkononi unahesabu yanavodondoka, siyo unakadiria kwa macho kama unamwagilia mchicha.

Ya kwako hii: nusu lita, saa 4, seti ileile. Usitumie simu kukokotoa. Na ukishapata jibu niambie kwanini ungeweza kulijua hata kabla hujashika kalamu. Nitumie kabla sijatoka zamu saa moja na nusu, na kontro namba ya ada iliyobaki iweke kwenye meseji hiyohiyo, mwenye lori la mbao kasema analipa Ijumaa.