Kibengali kisichapwe vipande vipande

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kibengali yalisema lugha hiyo ina herufi 50. Hesabu ni sawa, irabu 11 na konsonanti 39, ila herufi hizo haziandamani moja moja kama hizi za gazeti. Na neno lenyewe mlilochapa, বন্ধু, yaani rafiki, lilitoka limekatika. Lugha hii watu waliuawa kwa ajili yake mjini Dhaka, katika Bangladesh ya leo, tarehe 21 Februari 1952. Inastahili kuchapwa sawasawa.

Kila konsonanti hubeba irabu yake ndani, iliyo karibu na "o". Herufi ব peke yake ni "bo". Ukitaka irabu nyingine, unaongeza alama. Aliyesoma chuo cha Kurani hapa Lamu ataelewa upesi: ni kama kasra na dhumma, alama za irabu za Kiarabu, isipokuwa hizi haziachwi hata na mwandishi hodari. Alama ya "i" hukaa kushoto kwa konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Tazameni দিন, "din", yaani siku. Jicho hukutana na "i" kwanza, lakini kwenye kompyuta mtu huandika "d" kisha "i", na programu ndiyo huivuta kushoto. Programu isiyojua kazi hiyo huiacha kulia, au huining'iniza kwenye kiduara cha nukta.

Katika বন্ধু, "n" na "dh" hazina irabu katikati, kwa hiyo hushikana zikawa umbo moja. Mwandishi hubonyeza ন, kisha alama ya kuua irabu iitwayo hasanta, kisha ধ. Muungano ukishindikana, hasanta hubaki wazi chini ya ন. Ndilo kosa lililotokea kwenye ukurasa wenu.

Fonti kama Noto Serif Bengali haitoshi peke yake. Programu ya kupanga kurasa nayo lazima iwashwe sehemu yake ya maandishi ya Asia Kusini. Mkinyoosha safu ili kingo zake zilingane, ongezeni nafasi baina ya maneno tu, kamwe si baina ya herufi, kwani matra, ule mstari wa juu unaoshika neno, utakatika. Mkipokea faili la zamani lenye "evsjv" mahali pa বাংলা, msilitupe. Limeandikwa kwa Bijoy, mfumo uliotoka 1988, unaoazima nafasi za herufi za Kirumi. Ligeuzwe kwanza liwe Yunikodi, mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake.

Tarakimu nazo zichungwe, hasa kwenye tarehe na bei: ৪ ni nne, si nane, na ৭ ni saba, si tisa.

Kabla ya kuchapa, mtafuteni msomaji wa Kibengali mmoja. Mpelekeeni picha ya ukurasa, si maandishi yenyewe, maana simu yake itayaunganisha vizuri na kosa la mtambo wenu hataliona.

Wasomaji wa Kibengali,
Langoni, Lamu