Uwanja mkongwe si gofu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuliandikia hata mstari mmoja, lakini ripoti yenu ya juma lililopita kuhusu viwanja vikongwe vya madaraja ya chini nchini Uingereza imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu ameviita magofu yanayosubiri tingatinga, na hoja yake kubwa ni moto wa uwanja wa Valley Parade, Bradford, kana kwamba watu 56 waliopoteza maisha pale tarehe 11 Mei 1985 waliuawa na umri wa jukwaa.

Waliuawa na uzembe. Takataka ziliachwa zirundikane miaka nenda miaka rudi chini ya viti vya jukwaa lile la mbao, klabu ilikwisha kuandikiwa barua ya tahadhari mwaka mmoja kabla, na wengi waliokimbilia milango ya nyuma waliikuta imefungwa. Vyuma vya paa jipya vilikuwa vimekwisha kufikishwa uwanjani. Kinyume chake, uwanja wa Sandygate, Sheffield, ulichezewa mechi kati ya klabu za Hallam na Sheffield tarehe 26 Desemba 1860, na kandanda inachezwa pale mpaka leo kwa kuwa wapo wanaoutunza.

Nami nimekwenda kujionea. Katika uwanja mmoja wa daraja la chini, ambao sitautaja, nililipa kiingilio changu nikasimama nyuma ya goli, nikishika bomba la chuma ambalo rangi yake imelika katikati, pale tu mikono ya mashabiki inapoegemea, huku kwenye ncha zake mbili rangi ya kijani ikiwa bado nzima. Baada ya mechi nilimwomba kijana mmoja wa klabu anionyeshe picha za vikosi vya zamani ambazo niliambiwa zimetundikwa kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo. Alinijibu kwamba ziliondolewa ili kupisha mabango ya matangazo, akanipeleka kwenye stoo ya vifaa vya usafi, na humo nilizikuta zimelazwa sakafuni kando ya ndoo, maji yamepanda ndani ya fremu, na katika ile ya juu wachezaji wa mstari wa mbele wamebanduka kuanzia magotini kushuka chini, hata majina yao yaliyoandikwa kwa wino hayasomeki tena. Nilipouliza nani anazitunza, aliniambia hakuna. Mhariri, nilitoka pale nikitetemeka kwa hasira, na ripoti yenu imeiamsha upya, kwa sababu mtu akisikia kila siku kwamba uwanja wake ni gofu, ataona sababu gani ya kuinua picha kutoka majini?

Jambo jingine linalofanana na hilo ni majina. Bootham Crescent, uliokuwa uwanja wa klabu ya York City kuanzia 1932, uligeuzwa KitKat Crescent, jina la chokoleti, mwaka 2005 kwa sababu ya fedha za udhamini. Naijua njaa ya klabu ndogo, lakini jina ambalo babu na mjukuu wamelitamka pamoja halipaswi kuuzwa kama nafasi ya tangazo.

Ninapendekeza kila klabu yenye jukwaa lililojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili itenge chumba kimoja kikavu, chenye rafu zilizoinuliwa sentimita 30 kutoka sakafuni, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina ndiye awe na ufunguo. Nanyi gazetini mtenge nusu ukurasa kila mwezi kwa uwanja mmoja, mweleze nani aliujenga, ulifunguliwa lini, siku gani ulifurika kuliko zote, na nani anayefagia chini ya viti. Mkianza na ule wenye picha zilizolowa, nitawaelekeza stoo ilipo.

Msomaji wenu wa siku nyingi