Vichekesho bila mswada si uvivu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wa sanaa katika toleo lenu la Jumapili iliyopita, ambamo mwandishi wenu amehukumu kwamba vichekesho vya papo kwa papo, yaani vile vinavyochezwa bila mswada na bila kisa kilichopangwa, ni uvivu uliopambwa, na kwamba neno ambalo wachezaji huliomba kwa watazamaji huwa limepangwa na rafiki yao aliyeketi mstari wa mbele. Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa sanaa hiyo, kiasi kwamba nilipokuwa nikiishi New Jersey likizo zangu za kiangazi zilifuata tarehe za tamasha moja la New York. Naomba nafasi ya kumjibu, kwa sababu amewalaumu wachezaji hawa kwa jambo wasilolidai, na lile wanalolifanya hakuligusa.

Tamasha ninalolisema ni Del Close Marathon, lililoanzishwa mwaka 1999 na kikundi cha Upright Citizens Brigade kwa ajili ya kumkumbuka mwalimu wao Del Close, aliyefariki Chicago mwezi Machi mwaka huohuo. Lilifanyika New York hadi mwaka 2018, kisha likahamia Los Angeles, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba halikulala: vikundi vilipokezana jukwaa usiku na mchana kwa zaidi ya saa 50, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili usiku. Kwa miaka mingi ukumbi wake mkuu ulikuwa chumba cha chini ya ardhi katika mtaa wa 26, eneo la Chelsea, na juu yake watu walikuwa wakinunua maziwa na mkate katika supamaketi bila habari. Mtazamaji alifungwa utepe mkononi, akapanga foleni kando ya barabara, akaingia nafasi ilipopatikana.

Katika chumba hicho niliona jambo ambalo ningependa mwandishi wenu alitafakari. Kikundi kiliomba neno, mtu mmoja akasema "ufunguo". Mchezaji wa kwanza, mwanamke, akafungua mlango usiokuwepo, na kwa sababu anazozijua mwenyewe akakishika kitasa chake chini sana, karibu na goti. Hakusema lolote kuhusu kitasa hicho. Baada ya kitambo mwenzake akaja kumtembelea, akafika palepale mlangoni, akainama hadi gotini na kufungua. Ukumbi mzima ulicheka kabla hajatamka neno. Dakika ishirini hivi baadaye, katika kisa kingine kabisa kilichohusu mahakama, hakimu aliyejaa hasira aliinuka ili atoke nje, akafika mahali palepale, akalazimika kupiga goti na joho lake ili apate kutoka. Sikumbuki hata mzaha mmoja wa maneno uliosemwa usiku ule, lakini kile kitasa ningeweza kukuonyesha hadi leo kilikuwa wapi.

Sasa tuseme neno "ufunguo" lilipangwa kweli. Lingewasaidia nini? Kilichochekesha hakikuwa neno, bali ni kwamba watu watatu walikuwa wakitazamana kwa makini kiasi cha kukumbuka urefu wa kitu kisichokuwepo. Neno la mtazamaji ni cheche tu, na vikundi vingi huliacha mapema. Hata hivyo, kama bado ana shaka, njia ya kuiondoa ni rahisi: aketi yeye mwenyewe mstari wa mbele na alitaje.

Ama kuhusu uvivu, sanaa hii ina shule na ina masharti. Viola Spolin, ambaye wengi humhesabu kuwa mama yake, alianzia katika michezo ya watoto na wahamiaji wa Chicago, akiitumia kuwafundisha kuigiza watu ambao hata hawakuwa na lugha moja, na baadhi ya michezo hiyo, kama ule wa wawili kuigana kama mtu na kioo chake, inafundishwa mpaka sasa. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Second City, ukumbi wa vichekesho wa Chicago, mwaka 1959. Upande wa pili, Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Calgary nchini Kanada, alifundisha kwamba kila anachokisema mwenzako jukwaani ni zawadi: ukiipokea, kisa kinasonga mbele, ukiikataa, kinafia hapo hapo. Kwa hiyo mchezaji akiitwa daktari, yeye ni daktari, hata kama sekunde moja kabla alikuwa amekwisha kuanza kufagia. Basi atakuwa daktari anayefagia zahanati yake mwenyewe, na huenda kisa kimepata utamu kwa hilo.

Del Close naye aliendeleza muundo uitwao Harold, ulioanzia San Francisco mwaka 1967 katika kikundi cha The Committee, kisha akaufundisha Chicago kwa miaka mingi pamoja na mwalimu mwenzake, Charna Halpern. Kutokana na neno moja kundi zima hufungua onyesho kwa pamoja, kisha huja visa vitatu visivyohusiana, kisha mchezo wa kundi zima, kisha visa vile hurudi vikiwa vimesogea mbele, na mara ya tatu huanza kuingiliana, yote hayo kwa muda wa nusu saa hivi. Hakuna msimamizi anayetoa amri kutoka pembeni. Mchezaji anayeona kisa kimeiva hukatiza mbio mbele ya jukwaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na wenzake huelewa kwamba hapo pamekatwa. Kujua lini pa kukata ni elimu ya miaka.

(Kama mwandishi wenu anatafuta udanganyifu kwa lazima, nitampa mmoja. Close aliusia fuvu lake lipewe ukumbi wa Goodman wa Chicago ili litumike jukwaani, na mwaka 1999 Halpern alikabidhi fuvu mbele ya watu. Miaka saba baadaye alikiri kwamba lilikuwa la kununua. Nadhani marehemu angecheka kuliko wote.)

Sitaki kuficha mabaya yake. Katika tamasha lile maonyesho dhaifu yalikuwa mengi, hasa ya alfajiri, wachezaji walipokuwa wamechoka na watazamaji nusu wamesinzia. Mengine yalikuwa ya wachezaji kutaniana wao kwa wao, mengine matusi matupu, na mengi yaliegemea vipindi vya televisheni vya Marekani ambavyo mimi sikuvijua, nikabaki kutazama miguu na mikono yao. Dosari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mchezaji anayekimbilia kicheko: anatupa mzaha mmoja, anapigiwa makofi, na kisa walichokijenga wenzake kwa dakika kumi kinaporomoka. Hiyo ndiyo lawama ambayo ningeielewa katika makala yenu, kwa sababu inatokana na kutazama.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba makala iliitaja sanaa hii kama mtindo wa Wazungu uliotufikia juzi. Mtani anayefika msibani akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na madeni yake hadi wafiwa wakacheka katikati ya kilio, amepewa mswada na nani? Naye ana masharti yake makali, kuanzia nani ana haki ya kumtania nani. Vikundi vyetu vya sanaa vya Dar es Salaam, kama Muungano na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), vilicheza maigizo ambayo kisa chake kilielezwa kwa mdomo na mazungumzo yakabuniwa na wachezaji wenyewe. Na huko Lubumbashi, Kongo, mwaka 1986, kikundi cha Mufwankolo kilitengeneza mchezo mzima wa televisheni kwa Kiswahili cha Katanga, kutokana na msemo tu kwamba madaraka huliwa mazima: wakajadiliana, wakajaribu, wakasahihishana, na mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian akayaandika hayo yote hatua kwa hatua. Nakubali kwamba si kitu kilekile, kwa kuwa hawa walikwisha kukubaliana juu ya kisa kabla ya kupanda jukwaani, ilhali wale wa New York hawakuwa na kisa hata kimoja. Lakini kazi ya kumsikiliza mwenzako na kumjibu papo hapo ni ileile, na mhakiki aliyekulia katika nchi ya watani hana udhuru wa kutoiona.

Kwa hiyo naomba mambo machache, Mhariri. Kikundi cha aina hii kitakapocheza tena mjini, mwandishi wenu akitazame usiku wa kwanza na usiku unaofuata kabla ya kuandika, maana onyesho moja halitoshi kumjulisha ni nini kilichobuniwa na ni nini mazoea ya kikundi. Asijaze safu kwa kunukuu mizaha, kwa sababu mizaha ya namna hii ikichapishwa siku ya tatu huwa imepoa, na badala yake atueleze nani alimsikiliza nani na nani alimwangusha mwenzake. Ningeomba pia jina la fundi wa taa lichapishwe pamoja na majina ya wachezaji. Yeye hukaa nyuma ya ukumbi bila kusema neno, anasikiliza kama wenzake, naye ndiye huzima taa pale anapoona hakuna cha kuongeza. Sijawahi kumwona akitajwa katika gazeti lolote.

Wenu,
Mpenzi wa vichekesho,
Tanga