Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Vizimba vya Samaki, Kisumu

Ndugu wanachama, hamjambo.

Ufuo tulisafisha, nyavu tulishona, vifaranga vya samaki wetu, ngege, tulinunua kwa pamoja, na matanga mawili tulihudhuria. Hayo mnayajua.

Nije kwenye neno linalozunguka WhatsApp tangu Juni: Sh35,000 nilizoidhinisha kumleta mtafiti wa bahari kutoka Mombasa aje kutuzungumzia joto na viumbe vya majini. Mmoja wetu aliandika, "Matumbawe na ngege wangu wapi na wapi?" Angefika angepata jibu. Walifika 11 kati ya 64, na watatu walifuata chai.

Tuliokuwapo tulisikia hivi. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ya Pwani yetu, wale viumbe hai wanaojenga miamba baharini, ila si kwa kipimo kimoja: hili lilipauka likafa, la jirani, la aina ileile, likabaki na rangi yake. Mengine hufuga ndani yao mwani unaostahimili joto, mengine yamerithi ugumu, mengine yalikwisha kuzoeshwa na joto la nyuma. Kome vilevile: kwenye jabali moja, aliye juani huchemka, mwenzake wa kivulini, hatua moja tu, ametulia. Kwa samaki, mayai na wanaotaga hushindwa na joto mapema kuliko wazima wengine. Basi ukiambiwa "aina hii huhimili nyuzi fulani", umepewa wastani, na wastani hauelei tumbo juu.

Kumbukeni ile asubuhi ya Machi. Kizimba kimoja, maji yaleyale, vifaranga vya kundi moja: wengine wamekufa, wengine saa nne wanagombania chakula. Nyote mlimlaumu muuzaji. Mimi ndiye niliyeuliza, na katibu aandike, hawa wamepona kwa nini? Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, wakati huohuo samaki anaihitaji zaidi, na hawabanwi sawasawa. Ndiyo sababu nikaagiza tupime samaki mmoja mmoja. Kazi hiyo inachosha, nakubali. Na mgeni si shemeji yangu kama inavyovumishwa. Ni shemeji wa shemeji yangu.

Ada: wanachama 29 wanadaiwa jumla ya Sh87,000. Wenye kelele nyingi kuhusu zile 35,000 wamo humo. Majina sitaji, mnajuana.

Mwakani tunatumai kupata kipima oksijeni, kuwatenga samaki wanaopona, na pengine kufika Pwani kujionea, fedha zikiruhusu. Mweka hazina ameketi mlangoni na kitabu cha risiti. M-Pesa pia anapokea.