Anayepiga picha majaruba ya Mombo amlipe mkulima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu wageni wanaoletwa kupiga picha kwenye majaruba yetu, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za kushika maji, hapa Mombo, Korogwe.

Mwezi uliopita kundi moja lilishuka kutoka Lushoto, likajipanga juu ya kingo ya jaruba la mama yangu. Tulikuwa na wiki mbili tu tangu tupandikize. Maji yametulia, milima ya Usambara inaonekana humo kichwa chini, na hata sisi tuliozaliwa hapa husimama kutazama. Lakini kingo ni udongo mbichi. Ilimeguka, maji yakahamia kwa jirani, miche ikalala kwenye tope. Mama aliinama mpaka jua linazama, anaziba kwa mikono. Aliyewaleta wageni alishalipwa. Mama hakuambulia hata senti.

Simfukuzi mgeni. Natamani aje tukipandikiza, arudi kijani kikishafunika maji yote, arudi tena mpunga ukiiva, watoto wako shambani tangu alfajiri wakiamia (wakifukuza) ndege kwelea kwelea. Ila alipe.

Majaruba ya ngazi ya Ifugao, Ufilipino, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1995. Mwaka 2001 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana mengi yalikuwa yametelekezwa na kuta zinabomoka. Yalitoka humo 2012. Kule Maruyama, Japani, majaruba zaidi ya 2,200 ya mwaka 1601 yalibaki kama 530 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo ni 1,340. Mtu wa mjini hulipia jaruba kwa mwaka, Mei anakuja kupandikiza, Septemba kuvuna, na hupewa mchele wa humo. Hilo hapa kwetu linawezekana kabisa!

Yetu ni ya bondeni, kweli. Matuta ya ngazi yako juu Lushoto, kwenye kabichi na nyanya. Lakini jembe ni lile lile.

Naiomba halmashauri ikae na viongozi wa skimu ya umwagiliaji, wapange kiingilio chenye risiti, sehemu iende kwa mwenye jaruba na sehemu isafishe mifereji. Pia itengwe njia moja ya wageni, ishindiliwe changarawe. Mpunga wetu unakaribia kubeba mimba. Ukianza kuiva magari yatarudi, na kingo ya mama bado haijakauka vizuri.

Msomaji wako,
Mombo, Tanga