Tuandikieni pia miaka ya katikati ya mtafiti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Nafundisha baiolojia na kemia sekondari hapa Dodoma, na gazeti lenu nalisoma pamoja na wanafunzi wangu. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba mwanasayansi katika kurasa zenu huonekana siku mbili tu: siku anapopewa tuzo na siku anapozikwa. Miaka ya katikati, ambayo ndiyo kazi yenyewe, haimo. Kijana akisoma anadhani ugunduzi humshukia mtu usingizini.

Mchukueni Nadrian Seeman wa Marekani, aliyefariki Novemba 2021. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mhadhiri kijana mjini Albany, kazi yake kukuza fuwele za molekuli za viumbe ili azipige eksirei na kujua maumbo yake. Fuwele zikagoma. Wakulima wa huku tunaijua hali hiyo, umelima, umepanda, na shamba halioti. Mwaka 1980, akiwa kwenye baa ya chuoni, akakumbuka mchoro wa M. C. Escher wenye samaki waliojipanga safu kwa safu, mbele, nyuma, juu na chini. Akaona kwamba vipande vya DNA, zile nyuzi zinazobeba urithi wa viumbe, vikiunganishwa vikawa na mikono sita, navyo vinaweza kujipanga vivyo hivyo na kuwa fuwele.

Darasani naeleza jambo hili kwa nyuzi za sweta. Rangi nne kwa besi nne, yaani vijenzi vinavyopangana kwenye uzi wa DNA: A hushikana na T, G hushikana na C. Nyuzi mbili zinazolingana husokotana, hilo kila mwanafunzi analijua. Lakini ukipanga nyuzi nne kwa makini, nusu ya kila uzi ilingane na nusu ya jirani yake, hupati msokoto mmoja mrefu, unapata njia panda yenye mikono minne. Ukiacha besi chache zisizo na mwenzi kwenye ncha ya kila mkono, ncha hizo zitashikana na ncha nyingine zinazolingana nazo, na ujenzi unaendelea.

Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha tano aliinua njia panda yake ya nyekundu na kijani akauliza, "Mwalimu, sasa huko kwenye maji nani anazifunga?" Nikamjibu hakuna anayezifunga. Unaziweka kwenye maji yenye chumvi, unapasha moto, unaacha zipoe polepole, zinatafutana zenyewe. Darasa zima lilinyamaza. Na msokoto wenyewe una upana wa nanomita 2, yaani upange 500,000 kando kwa kando ndipo upate milimita moja!

Andiko la kwanza la Seeman kuhusu wazo hilo lilitoka mwaka 1982. Mchemraba wa DNA alioutengeneza na Junghuei Chen ulitoka 1991. Mwaka 2006 mwenzao Paul Rothemund akakunja uzi mmoja wa DNA ya virusi, wenye besi zaidi ya 7,000, kwa kuubana na vipande vifupi zaidi ya 200, akapata sura zinazotabasamu. Fuwele alizozitafuta Seeman tangu pale baa zilipatikana 2009, na Tuzo ya Kavli, tuzo kubwa ya sayansi, ikaja 2010. Kati ya andiko na fuwele ni miaka 27. Hiyo ndiyo naomba muiandike.

Naiomba kwa sababu nina mwanafunzi wangu wa zamani, amemaliza shahada ya baiolojia ya molekuli, na kila akirudi likizo ndugu zake wanamuuliza utafiti utamlipa lini. Mwaka wa pili huu. Amekwisha anza kuulizia kazi za kuuza dawa, na simlaumu. Hajawahi kusoma popote kwa Kiswahili kwamba miaka miwili bila jibu ni kawaida katika kazi aliyoichagua.

Wala habari hii si ya Marekani peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliugusa mkoa wetu na Manyara, Chemba, Kondoa na Kiteto zikiwamo. Waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Sumukuvu haionekani kwa macho. Mama anaweza kuchambua punje ungoni mchana kutwa na sumu ikabaki. Maabara za nje tayari zina vipande vifupi vya DNA vinavyojikunja na kuinasa sumu hiyo, ili igundulike. Kukifanya kipimo cha namna hiyo kifae ghalani Chemba kunahitaji mtu wa kukaa nacho miaka, na mtu huyo huenda sasa hivi yuko kidato cha tano.

Kama mwandishi wenu angependa kuanzia karibu, wapo watafiti wa zabibu kule Makutupora, na wapo wa chuo kikuu hapa mjini. Awaulize ni kitu gani wamekijaribu miaka mitano na hakijakubali, na kwa nini bado wanakijaribu. Ukurasa huo ukitoka, nitaubandika nyuma ya darasa, pale tulipotundika zile nyuzi.

Mwalimu wa sekondari,
Dodoma